KACHI: NI KWELI AO NI UONGO?
Historia fupi ya mabishano ya washabiki

Katika kitabu hiki cha shirika letu, wenzetu wameandika juu ya ndoa, juu ya matanga, juu ya majina na methali za wababu. Sisi tunaoandika mistari hii tumechagua jambo ambalo wasomaji wamoja watasema halistahili kuwekwa pamoja na yale: kachi, yaani mieleka ya kulipia, ile ya ringi na kamba, ile ya watu wenye kuvaa vifuniko vya uso na kujisifu mbele ya ngoma. Tunaomba mtuvumilie. Kitu ambacho watu wamekibishania katika kartye zetu kwa zaidi ya miaka 50, baba na mtoto wake, mchungaji na waumini wake, mwalimu na wanafunzi wake, hicho nacho kimekwisha kuwa desturi.

Tuna sababu nyingine pia, nayo si ya kujisifu.

Siku moja ya Jumatatu, wanafunzi wetu wa mwaka wa pili wa sekondari walikuwa wakigombana kabla ya somo. Walikuwa wametazama kachi ya Wamarekani kwenye simu. Mmoja akatuuliza: «Mwalimu, bile bintu ni bya kweli?» Tulikuwa na haraka, chaki iko mkononi, somo la historia lilikuwa limechelewa. Tukajibu: «Ni uongo mtupu. Wanapangana mbele. Hakuna mtu anayeumia pale.» Darasa likanyamaza, sisi tukaona tumefundisha jambo la maana.

Alhamisi yake, saa ya mapumziko, vijana wawili wa darasa lile walipanda juu ya ukuta mfupi nyuma ya shule. Mmoja akamuinua mwenzake na kumtupa chini kama walivyoona kwenye simu. Kijana akaanguka na bega, mfupa ukavunjika. Kesho yake mama yake akaja. Hakupiga kelele. Alisema tu: «Mwalimu, mutoto anasema ni Mwalimu mwenyewe njo alisema bile bintu habiumizake bantu.»

Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tulianza kusoma na kuuliza wazee: kachi imetoka wapi, nani anapanga nini, na washabiki wenyewe wanasema nini juu yake. Haya yafuatayo ni matunda ya kazi hiyo.

1. Mieleka ya wababu

Wababu zetu hawakungoja Mzungu ili wajue mieleka. Katika vijiji vingi vya inchi yetu vijana walishikana mbele ya wazee, na yule aliyemlaza mwenzake mgongo chini ndiye aliyeshinda. Wamongo wa Equateur wana mieleka yao inayoitwa libanda. Baadaye, mjini Kinshasa, vijana waliichanganya na judo na karate waliyoyaona kwingine, ukazaliwa upiganaji wanaouita mukumbusu, yaani wa sokwe mkubwa.

Katika mieleka ya kijiji hakukuwa na swali la kweli ao uongo. Mtazamaji alimjua mpiganaji, alimjua baba yake, alijua hata chakula alichokula asubuhi. Hakulipa kitu ili aingie. Kama mtu aliangushwa, aibu ilikuwa ya ukoo mzima, basi nani angekubali kuanguka kwa kupatana? Tena watu walisema juu ya dawa: yule amechanjwa, yule amepewa hirizi na mjomba wake. Dawa haikuhesabiwa kuwa udanganyifu. Ilikuwa sehemu ya nguvu za mtu, kama vile mabega yake. Tuliweke neno hili akilini, maana tutalikuta tena mbele.

2. Namna mieleka ilivyogeuka biashara

Neno kachi lilitufikia kwa njia ya Kifaransa, lakini Wafaransa nao walilipata kwa Waingereza na Wamarekani, ambao walikuwa na mieleka ya kushika popote kwenye mwili. Mwanzoni watu walipigana kweli. Tarehe 3 mwezi wa 4 mwaka wa 1908, mjini Chicago, Mmarekani Frank Gotch alikutana na George Hackenschmidt, mzaliwa wa Estonia wa leo aliyeitwa Simba wa Urusi. Walishikana zaidi ya saa mbili mpaka Hackenschmidt akakubali kushindwa. Mwaka wa 1911 walirudiana katika mji uleule, mbele ya watu karibu 30,000. Hackenschmidt aliingia na goti lenye kuumia, akashindwa upesi. Watazamaji waliona feza yao imepotea.

Shida ya mieleka ya kweli ilikuwa hiyo: ao inakwisha upesi, ao haikwishi. Tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka wa 1916, mjini Omaha, Joe Stecher na Ed Lewis, aliyeitwa Strangler, yaani Mnyonga-watu, walishikana karibu saa tano, na hakuna aliyeshinda. Msomaji ajiweke pale: umelipa, umekaa kwenye jua, unatazama watu wawili wenye jasho wakisukumana kutoka mchana mpaka jioni. Ungerudi tena?

Katika miaka ya 1920, huyu Ed Lewis pamoja na Billy Sandow na Toots Mondt walibadilisha kazi. Waliweka mpaka wa saa. Waliingiza mirusho na mapigo ya kupendeza macho. Na walipanga mbele nani atashinda, ili leo umchukie huyu, kesho ulipe tena uone akilipizwa. Wapiganaji wakawa kundi moja lenye kusafiri mji kwa mji. Siri ya kazi ikawa amri: mwema na mwovu wasionekane wakila meza moja, na mtu akiuliza barabarani kama ni kweli, jibu ni moja, ni kweli.

Upande wa Ufaransa, aliyesaidia kupanda mbegu alikuwa Henri Deglane, mshindi wa mieleka ya Kigiriki na Kirumi katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka wa 1924. Alikwenda Amerika kutafuta feza, na mwaka wa 1931, mjini Montréal, alipewa ubingwa juu ya Ed Lewis kwa sababu alionyesha alama ya meno mwilini na kusema ameumwa. Ni meno ya nani? Watu walibishana sana. Mwaka wa 1933 Deglane na wenzake wakaileta kachi Paris, na kisha vita ya pili ya dunia televisheni iliingiza kachi katika nyumba za Wafaransa.

Sisi tuliopita katika mafunzo ya ualimu tunakumbuka jina la Roland Barthes. Katika kitabu chake Mythologies cha mwaka wa 1957, masomo ya kwanza kabisa ni juu ya kachi. Anafundisha ya kwamba mtu wa kachi hana haja ya kujua kama pigano limepangwa. Anakuja kuona mateso, haki na malipizi yakionyeshwa waziwazi, kama katika mchezo wa jukwaani. Tulipokuwa wanafunzi tulilipenda neno hili. Leo tunaona lina tundu moja, nasi tutalionyesha.

3. Kachi inafika kwetu

Michezo ya kizungu ilienea katika miji yetu wakati wa Wabelgi. Mjini Léopoldville, padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, alisimamisha shule na viwanja, na uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka wa 1952 unaitwa leo kwa jina lake. Katika miaka ya 1970, wakati wa Zaire, kachi ilipata mabingwa wake. Kelekele Lituka ndiye aliyejulikana kuliko wote. Wazee wetu hata hapa Lubumbashi, mbali na Kinshasa, bado wanataja jina lake wakikunja mikono kuonyesha mabega yake yalivyokuwa.

Uwanja uleule, ukiitwa wakati ule Uwanja wa 20 Mai, ndipo Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya 8, tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka wa 1974. Mtasema: ile ilikuwa ngumi, si kachi. Ni kweli. Lakini wachache wanajua ya kwamba mdomo wa Ali, ule uliowafanya watu wa Kinshasa waimbe «Ali, boma ye», ulifundishwa na mtu wa kachi. Mwaka wa 1961, mjini Las Vegas, Ali akiwa kijana alikutana na Gorgeous George. Mtu huyu alitia nywele zake rangi ya dhahabu, alivaa majoho kama malkia, na mtumishi wake alimtangulia akipulizia ringi manukato. Alijisifu mpaka watu wakamchukia, na kwa kumchukia wakanunua tiketi. Ali mwenyewe alieleza ya kwamba pale aliona uwanja umejaa watu waliokuja kwa kutaka kumwona mwenye kujisifu akipigwa, akaelewa somo.

Ali huyohuyo ndiye alituonyesha upande wa pili. Tarehe 26 mwezi wa 6 mwaka wa 1976, mjini Tokyo, alipigana na Antonio Inoki, bingwa wa kachi wa Japani. Pigano halikupangwa. Inoki alilala mgongo chini karibu raundi zote 15, akimpiga Ali mateke ya miguu. Ali alirusha ngumi chache sana. Waamuzi wakasema hakuna mshindi. Watazamaji wakatupa takataka na kudai feza yao. Ali alitoka na miguu imevimba, yenye damu iliyoganda, akalazwa hospitali. Hapa tuone vizuri: watu ambao kila siku wanapiga kelele «uongo, uongo», walipopewa ukweli waliukataa.

4. Kachi ya dawa

Kisha miaka ya taabu ikaja. Kazi zilikwisha, mishahara haikulipwa, viwanja vikachakaa. Kachi haikufa, ilitoka uwanjani na kuingia barabarani. Mjini Kinshasa, katika komini za watu wengi, ringi inasimamishwa kwa mbao na kamba penye nafasi. Mchana wapiganaji wanazungushwa kartye kwa kartye, juu ya gari ao kwa miguu, pamoja na ngoma na fanfari, wamejipaka rangi, wamevaa vifuniko vya uso ao ngozi. Watoto wanawafuata. Jioni watu wanakusanyika.

Na dawa ikarudi. Kuna kachi ya nguvu, na kuna kachi ya fetishi. Katika hii ya pili mpiganaji anakuja na nyoka, na mifupa, na unga wa kupuliza. Anamwelekezea mwenzake mkono, mwenzake anaanza kutetemeka, kucheza ngoma asiyoitaka, ao kuanguka kama mtu aliyekufa, mpaka wa kwake aje kumfungua. Edingwe na wengine walipata jina kubwa Kinshasa katika kazi hii ya kachi.

Msomaji ataona ajabu ya jambo hili. Wamarekani walipoingiza mpango katika mieleka, walificha mpango nyuma ya misuli. Kwetu mpango, kama uko, umejificha nyuma ya kitu ambacho watu wengi wanakiamini tangu kijijini. Ndiyo maana mabishano yetu ni makali kuliko yao. Mmarekani anauliza swali moja: je, wamepatana? Sisi tunauliza mawili: je, wamepatana, na ile dawa ni dawa kweli?

5. Mafungu matatu ya washabiki

Tukisikiliza watu vizuri, tunakuta mafungu matatu.

Fungu la kwanza linasema ni kweli. «Mi nilimuona na macho yangu,» anasema kijana wa Katuba. «Damu ilitoka. Utapanga damu?» Tumjibu kwa upole: ndiyo, inapangwa. Katika kachi ya Amerika, mpiganaji alizoea kuficha kipande cha wembe na kujikata mwenyewe kwenye paji la uso, pale ambapo kidonda kidogo kinatoa damu nyingi. Lakini damu ile ni yake. Kovu ni lake. Kwa upande wa dawa, fungu hili lina rafiki asiyemtazamia: makanisa ya uamsho. Mchungaji anayehubiri ya kwamba wapiganaji wale ni watumishi wa shetani anamfanyia mwenye kachi matangazo ya bule, kwani anashuhudia mbele ya waumini wote ya kwamba dawa iko na nguvu.

Fungu la pili linasema ni uongo, basi. Hili ni fungu letu sisi watu wa chaki. Tunasema: «Aba bantu banatudanganyaka, banapanganaka byote mbele.» Tunafikiri tukikwisha kusema hivyo tumemaliza. Lakini mwezi wa 2 mwaka wa 1989 kampuni kubwa ya Amerika, iliyoitwa wakati ule WWF na sasa WWE, ilisema yenyewe mbele ya baraza la senati la New Jersey ya kwamba kachi yake ni maonyesho ya kufurahisha watu, si mashindano. Ilifanya hivyo ili serikali isiisimamie kama mchezo wa kweli na isiitoze kodi yake. Siri ya miaka zaidi ya 60 ilifunuliwa na mwenyewe, kwa sababu ya feza. Je, watu waliacha kwenda? Hapana. Miaka ya mwisho ya 1990 viwanja vilijaa kuliko mbele.

Kwa hiyo kuna fungu la tatu, nalo tunafikiri ndilo kubwa, hata kama watu wake hawajitaji. Wanajua ya kwamba mwisho umepangwa, lakini wanahukumu mambo mengine. Wanauliza: huyu anajua kazi? Anaanguka vizuri? Anamlinda mwenzake anapomrusha? Yuko na kinywa cha kushika watu? Na mkubwa wa kampuni anamtendea haki? Mashabiki hawa wanaijua biashara kama vile mama wa soko anavyojua bei ya unga.

Mfano wao mkubwa ni usiku wa tarehe 9 mwezi wa 11 mwaka wa 1997, mjini Montréal. Bret Hart, mtoto wa Canada, alikuwa bingwa wa WWF na alikuwa anahama kwenda kampuni nyingine. Alipatana na mkubwa wake, Vince McMahon, namna pigano litakavyokwisha. Katikati ya pigano, mpinzani wake Shawn Michaels alimfunga miguu, na McMahon, amesimama kando ya ringi, akaamuru kengele ipigwe. Hart hakuwa amekubali kushindwa. Alimtemea McMahon mate usoni mbele ya watu wote, na kisha akampiga ngumi katika chumba cha kuvalia. Washabiki walikasirika kabisa. Lakini walikasirikia nini, kama yote ni uongo? Walikasirika kwa sababu mapatano yalivunjwa. Hata katika mchezo uliopangwa, neno la mtu ni neno. Wababu zetu wangelielewa jambo hilo bila kufasiriwa. Na McMahon alifanya nini? Alichukua chuki ile ya kweli, akajifanya mwovu wa maonyesho yake mwenyewe, akaiuza miaka mingi. Gorgeous George angemsifu.

6. Nani anaanguka, nani anahesabu feza

Hapa tunafika kwenye tundu tulilolitaja. Barthes ana haki: mtazamaji anakuja kuona mateso yakionyeshwa. Lakini hakutuambia nani analipa mateso yale.

Tarehe 23 mwezi wa 5 mwaka wa 1999, mjini Kansas City, Owen Hart, mdogo wake Bret, alipaswa kushuka kutoka dari ya uwanja akining'inia kwenye kamba, ili watu wacheke. Kifungo kilifunguka mbele ya saa, akaanguka ndani ya ringi na kufa. Maonyesho yaliendelea usiku uleule. Familia yake ilikwenda mahakamani, na mwaka wa 2000 kesi ikamalizwa kwa malipo ya dola milioni 18. Mpaka leo washabiki wamoja hawajasamehe kwamba kengele iliendelea kupigwa.

Mwaka wa 2005 Eddie Guerrero alikufa chumbani mwa hoteli kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 38. Mwezi wa 6 mwaka wa 2007 Chris Benoit alimuua mke wake na mtoto wake, kisha akajiua. Waganga waliochunguza ubongo wake walikuta umeharibika sana kwa mapigo ya kichwa. Tangu pale maneno ya washabiki wengi yaligeuka. Waliacha kuuliza «ni kweli?» wakaanza kuuliza «anapigwa kichwani mara ngapi?»

Tena wapiganaji wa WWE hawaandikwi kama wafanyakazi wa kampuni, wanahesabiwa kama watu wanaojitegemea, na hawana sendika. Mwaka wa 1986 Jesse Ventura aliwaomba wenzake waungane. Neno lilifika masikioni mwa mkubwa, jambo likafa. Miaka mingi baadaye, katika kesi, alijifunza ya kwamba aliyempeleka ni mwenzake Hulk Hogan, yule aliyekuwa akilipwa vizuri. Ventura alikwenda kuwa gavana wa Minnesota, kutoka 1999 mpaka 2003. Si kila mtu anapata mlango kama ule. Hata Gorgeous George, aliyejaza viwanja, alikufa mwaka wa 1963 akiwa na miaka 48 tu, mali yake imekwisha.

Kama iko hivyo kule penye mamilioni, kwetu iko namna gani? Ringi ni mbao, juu yake turubai, pengine godoro jembamba. Mganga hayuko. Feza ya mlangoni inagawanywa kwa mwenye kupanga, kwa wapiga ngoma, kwa wenye kiwanja. Mpiganaji ndiye wa mwisho, na asubuhi anarudi kusukuma mkokoteni ao kulinda nyumba ya mtu.

7. Mgongo wa mzee

Kisha kijana wetu kufungwa bega, tulikwenda kumwona mzee mmoja wa kartye yetu aliyecheza kachi alipokuwa na nguvu. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba. Anatembea na fimbo. Tulimwambia: «Papa, tumekuja kujifunza.» Tukamweleza neno tulilosema darasani. Alicheka kidogo, kisha akasema: «Mwalimu, siku ingine ukitaka kusema juu ya kazi yetu, kwanza uje ushike mugongo yangu.»

Alitufasiria namna ya kuanguka. Kidevu kinakaa kifuani ili kichwa kisipige. Mgongo wote unafika mara moja, si bega, si kiuno. Mikono inapiga ubao kwa kando ili nguvu isambae. Pumzi inatoka, haibaki ndani, la sivyo itakukata. Walijifunza miezi kabla ya kumrusha mtu. Na anayerusha ana kazi kuliko anayerushwa, maana anashika maisha ya mwenzake mikononi. «Unamushika kama yayi,» alisema, «lakini bantu baone kama unamuua.»

Tukamuuliza swali la wanafunzi: mlikuwa mnapatana? Akatutazama kwa muda mrefu. Kazi ile walikatazwa kuisema, na yeye ni mtu wa zamani. Mwishowe akajibu: «Kushinda, tulikuwa tunapatana na mwenzangu. Lakini na udongo, nani alipatana nao?»

Juu ya dawa hatukumuuliza, wala yeye hakusema.

8. Kumalizia

Tulirudi darasani na kusahihisha neno letu mbele ya wanafunzi wote, na yule kijana akiwa kwenye benchi ya kwanza na mkono umefungwa shingoni. Tuliandika ubaoni mistari miwili: Mshindi anapangwa. Kuanguka hakupangwi. Tulisema ya kwamba Mwalimu alikosea, kwa kuwa alijua nusu ya jambo na akaitoa kama jambo zima. Wanafunzi hawakutucheka. Mmoja tu aliuliza: «Sasa Mwalimu, kama ni vile, juu ya nini hawabalipake muzuri?» Tunaona swali lile linapita masomo yote tuliyoyatoa mwaka ule.

Kwa wazazi tunasema: msiwaambie watoto «ni uongo» na kufunga mlango. Mtoto anasikia «haiumizi». Mwambieni ya kwamba ni kazi, inafundishwa, ina ufundi wake, na hata wenye kuijua inawavunja.

Kwa wale wanaopanga maonyesho katika miji yetu tunasema: kama mwisho wa pigano unaweza kupangwa mbele, basi na mshahara upangwe mbele, na feza ya hospitali pia.

Kwa shirika letu tunatoa ombi moja. Wazee waliocheza kachi wakati wa Zaire wanapunguka kila mwaka. Majina yao ya ringi tunayakumbuka, majina yao ya kweli wachache wanayajua. Twende tuwaulize, tuandike, tuweke picha zao kabla hazijaliwa na mchwa. Sisi tumekwisha kuanza na mmoja. Tunarudi kwake Jumapili alasiri, pamoja na yule kijana wa bega, ambaye sasa amepona na ndiye anayeshika daftari. Mama yake alikubali kwa sharti moja: mtoto aandike tu, asipande juu ya kitu.